Upepo wa Shingoni

Jumamosi, 12 Aprili. Highview, Louisville

Kaka Gaspari anasema kila mlenga shabaha lazima awe na daftari la upepo. Haya, nimenunua. Ila najijua mwenyewe: upepo nitauandika mstari mmoja, watu nitawaandika ukurasa mzima.

Leo klabu imefungua msimu. Asubuhi Kaka alinikabidhi bunduki yake, na si kuniazima, amenipa kabisa. "Mgongo wangu hautaki tena kulala chini," akasema. "Wewe piga, mdogo wangu. Mimi nitakuwa jicho lako." Nililia kidogo, sioni aibu kuandika. Kaka huyu ndiye aliyenibeba mgongoni tulipovuka kuingia Tanzania, akanipangia foleni ya chakula kambini Mtabila mpaka nikaota meno ya ukubwani. Leo tena ananipa.

Mchezo wenyewe ni huu. Risasi ni ndogo kabisa, ya kuulia panya buku, na vibao vya chuma vimetawanywa bondeni. Vya karibu hata bibi harusi na shela lake angevipiga. Shughuli iko kwenye vya mbali, maana risasi hii ni mvivu: ikifika yadi mia tatu imeshuka zaidi ya kimo cha watu wawili, na upepo umeshaisukuma unakotaka. Kulenga kuna njia mbili. Ya kwanza, unazungusha kitufe cha darubini, tik, tik, tik, kisha unalenga katikati ya kibao. Ya pili, unakiacha kitufe, unatumia vijistari vilivyochorwa ndani ya kioo, unalenga juu na pembeni, hewani, pale ambapo hakuna kitu.

Mimi ni wa hewani. Na aliyenifundisha ni yeye, kwa manati, Mtabila. "Lenga juu ya ndege, Flavia. Jiwe lina uzito." Njiwa tuliowala kwa somo hilo Mungu anawajua.

Tumeshika nafasi ya tatu. Cleopas, Mkenya, ndiye anayepanga vibao klabuni, na kwenye ghala tunakofanya kazi mimi na Kaka ni msimamizi wa shifti yetu. Alikuja kusoma, akasoma, akabaki. Ametangaza kwamba mechi ya mwisho ni Buffalo, Septemba, na atakayefanya vizuri huko ataingia timu ya klabu mwakani. Nafasi ni moja. Naitaka mno.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Kazi. Miguu.

Jumamosi, 3 Mei

Mazoezi, na tumezozana. Kaka hataki nilenge hewani. Anataka kila kitu kiende kwa kitufe, hata upepo, na milio yake, zile tik, aihesabu yeye kwa sauti. "Hayo ya hewani ni ya manati. Hapa tuko Amerika."

"Lakini Kaka, upepo unageuka kabla sijamaliza kuzungusha."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Nikasema ndiyo, Kaka. Ndiyo yetu sisi si kukubali, ni adabu tu, lakini ukishaisema imekufunga mikono. Nilizungusha, nikakosa. Wazungu waliokuwa nyuma wakaona nimeshauriwa vizuri nikapiga vibaya.

Nimerudi nyumbani Mama akanusa mikono yangu. "Tulikimbia bunduki kwa miguu," akasema, "leo mnazifuata kwa gari." Nikaenda kunawa.

Jumanne, 13 Mei

Ghalani leo Kaka alikuwa anarudi nyuma na foklifti, lile gari la kunyanyulia mizigo, akagonga rafu, mzigo ukamwangukia Kwizera. Kijana wa watu, amefunga ndoa juzijuzi kanisani kwetu. Mguu umevunjika mara mbili. Nilisikia kelele zake kutoka meza ya kufungashia, nikadhani ni mashine.

Kaka ameeleza: Kwizera alipita nyuma ya foklifti nje ya mstari wa njano. Kwizera anasema aliitwa. Anasema Kaka mwenyewe alimpungia mkono apite. Kaka amekana kabisa, na amefanya kazi miaka kumi bila doa, basi ameaminiwa yeye.

Na mimi nimemwamini. Kaka hajawahi kunidanganya.

Jumapili, 18 Mei

Kwizera ameachishwa kazi. Ati amevunja kanuni za usalama. Kanisani mkewe alikaa nyuma. Alininyooshea mkono, nikajifanya natafuta ukurasa wa wimbo.

Jumatano, 28 Mei

Joto. Kaka hataki kuendesha gari, mgongo. Nampeleka kazini na kumrudisha.

Jumamosi, 14 Juni. Columbus

Nimeandika na kufuta mara tatu. Sasa naandika tu.

Kituo cha mwisho leo kilikuwa bonde pana, na kibao kikubwa kuliko sinia. Kila mtu alicheka, akaona ni mteremko tu. Cleopas hakucheka. Aliniambia kando, "Usidanganywe na ukubwa, sister. Kibao kikubwa ambacho huwezi kusoma upepo wake ni kigumu kuliko kidogo. Hapa upepo uko mara mbili: huu wetu, na ule wa kule. Hazisalimiani."

Nililala chini nikatazama. Kweli. Huku upepo ulitoka kushoto. Kule mvuke wa joto mbele ya kibao ulikuwa unalala kushoto, yaani upepo wa kule unatoka kulia, tena una nguvu. Hata nyasi zilikuwa zinasema. Nikasubiri Kaka aseme.

Akasema, "Upepo wa kushoto. Zungusha milio minne kushoto."

Nikanong'ona, "Kaka, angalia mvuke."

"Nimeuangalia. Minne."

Nikazungusha. Vumbi likaruka kushoto kabisa ya kibao, mtu kipofu angeliona. Naye akasema, "Umekosa kulia. Ongeza miwili." Nikaongeza. Nikakosa zaidi. Risasi zote hivyo hivyo, mpaka muda ukaisha. Akasimama mbele ya watu, akajipangusa magoti, akasema kwa Kiingereza chake kilichonyooka kwamba mimi mkono wangu unavuta bunduki pembeni. Watu wakanitazama kwa huruma. Nikatabasamu kama mjinga.

Alipokwenda kuchukua maji nilikaa kwenye kiti chake. Darubini yake kubwa ya kutazamia ilikuwa bado kwenye miguu yake mitatu. Nikatia jicho. Ukungu mtupu. Haikuwa imerekebishwa kabisa. Huoni kibao, huoni bonde, ni kama kutazama ndani ya glasi ya maziwa. Muda wote ule alikuwa ananielekeza kutoka ndani ya maziwa!

Niliirekebisha, nikaondoka pale kabla hajarudi. Alikaa, akatia jicho, hakusema lolote. Mtu anayeona angeuliza nani amegusa darubini yangu.

Upepo: hapa kushoto, kule kulia.

Jumapili, 15 Juni

Nimeendesha mimi. Kaka alilala njia nzima, au alifumba macho. Nilipita Cincinnati nikiwaza vitu vyote kwa mpigo. Anataka kitufe kwa sababu milio inasikika; vijistari vya kioo vinataka macho. Upepo anausoma kwa shingo yake. Ila upepo wa shingoni ni wa hapa ulipoketi, risasi inasafiri kule. Na bunduki, jamani. Hakunipa kwa upendo. Alinipa kwa sababu haimfai tena.

Hilo la mwisho ndilo limeniuma, nimekaa nalo mpaka Highview.

Jumamosi, 5 Julai

Nimefanya jambo baya na sijutii. Leo mazoezini, watu wachache, wengi bado wanauguza sherehe za uhuru za jana. Nilimtengea Kaka darubini yake, nikaiacha na kifuniko mbele ya kioo. Kifuniko cheusi cha mpira. Mwenye macho angesema, "We Flavia, toa hiki kitu."

Akakaa. Akatia jicho. Akabaki na jicho pale pale muda mrefu hata nikadhani ameng'amua. Kisha akasema, taratibu, "Upepo wa kushoto. Milio mitatu."

Akatoa leso, akayapangusa macho, akayakandamiza kwa leso. Nikanyoosha mkono, nikakitoa kile kifuniko, nikakitia mfukoni. Alipotazama tena alishusha pumzi. Nikasema ndiyo, Kaka.

Nilipiga hewani, nikapata. Akasema nimepata kwa sababu nimemsikiliza.

Jumatatu, 7 Julai

Kaka kaamka na furaha ya ajabu, ameimba garini nyimbo za kwaya mpaka getini kazini. Namchukia akiimba. Kwizera anatembea kwa magongo.

Alhamisi, 24 Julai

Dhoruba, umeme umekatika Highview nzima. Mama amepika kwa gesi ya nje chini ya mwavuli. Tumecheka. Siku pekee mwezi huu.

Alhamisi, 21 Agosti

Nilikwenda kumpelekea wifi yangu Delfina mchicha. Nikafungua friji niutie, nyuma ya kopo la nyanya nikaona chupa tatu ndogo za dawa ya matone. Jina la Gaspari.

Delfina hakubabaika. Alifunga friji akaegemea mlango wake. "Presha ya macho," akasema. "Jicho la kulia limeshakufa, wifi. La kushoto lina ukungu, na pembeni na chini halioni. Daktari kasema kilichokwenda hakirudi. Barua namsomea mimi. Nguo namchagulia mimi."

"Na foklifti?"

"Ameizoea. Njia zote anazo kichwani."

"Na Kwizera alikuwa kichwani?"

Akanikazia macho. "Unataka nifanye nini? Huyu mwanamume kambini alikuwa kiongozi wa kijiji. Hapa amekuwa mtu kwa sababu ya ile foklifti. Mkimtoa pale mtamweka wapi, kwenye kochi langu?"

"Mficha maradhi kifo humuumbua, Delfina."

"Basi nenda ukamwambie. Wewe ndiye jasiri."

Sikwenda. Kwetu nani anamwambia kaka mkubwa, "Huoni"? Ungeanza na neno gani? Nimezunguka maegesho ya magari nikitafuta hilo neno, nikarudi ndani kwa Delfina na mchicha wangu, maana niliusahau mkononi.

Nikiwa mkweli, sikutafuta sana. Nilikuwa na hasira tamu. Nilitaka Septemba ifike.

Ijumaa, 12 Septemba. Buffalo

Tumefikia kwa Fides, binti wa mama mdogo, mtaa wa Kensington-Bailey. Ametupikia ugali na dagaa wa kutoka Kigoma, harufu imetutoa machozi. Kaka aliomba sala ndefu akimshukuru Mungu "anayewarudishia watu nuru". Nilifumbua macho katikati ya sala nikamtazama. Amezeeka. Dagaa alikuwa anawapapasa kwa vidole kabla ya kula.

Upepo kutoka ziwani unagonga madirisha. Kesho utakuwa mchafu.

Jumamosi, 13 Septemba. Buffalo

Kibao cha mwisho kilikuwa kidogo kama kisosi, mbali kuliko vyote vya msimu. Cleopas alikipima makusudi: kikae mahali ambapo kosa dogo la upepo linaitoa risasi nje ya kibao. "Hiki si cha bahati," aliwaambia watu. Na kwa kuwa mlio wa chuma hausikiki kutoka mbali vile, nyuma ya kibao ameweka taa. Ukipata, taa nyekundu inamulika. Cleopas mwenyewe alikaa nyuma yetu akiandika alama.

Nilijua tangu nilipoiona ile taa. Naandika hivyo ili nisijidanganye baadaye. Nilijua Kaka hataiona, na nilijua ni nani ameketi nyuma yetu.

Tulikuwa tunaongoza kwa alama chache. Nililala, nikaweka mfuko wa mchanga chini ya kitako cha bunduki. Upepo ulikuwa unapiga mashavu yetu kutoka kushoto. Kule mbele bendera ndogo ilikuwa inavuta upande mwingine.

"Kushoto. Milio mitano," Kaka akasema.

Ya kwanza nilimpa. Nilizungusha mitano, nikapiga, nikakosa. Nikamwambia moyoni, hiyo ni ya Mtabila, ni ya mgongo wako ulionibeba. Kisha nikakirudisha kitufe kimya kimya, nikaenda hewani. Nikalenga pale juu, kulia, kwenye anga tupu, kwa vile vijistari, kama njiwa. Nikavuta.

Taa ikamulika.

"Umekosa," Kaka akasema. "Ongeza miwili kushoto."

Nikavuta tena pale pale. Taa.

"Bado. Mkono wako unavuta, Flavia. Tulia unisikilize."

Taa. Nyuma yetu watu walikuwa wameanza kupiga makofi, halafu makofi yakafa. Kaka aliendelea, sauti yake ya uongozi, ya kupanga watu foleni: umekosa, ongeza, umekosa. Mimi napiga tu. Ningeweza kusimama. Ningeweza kusema, "Kaka, nimepata, nyamaza." Neno moja. Sikulisema, mpaka risasi zikaisha.

Cleopas akainama. "Mzee," akasema polepole, "ile taa huioni?"

Kaka akauliza, "Taa gani?"

Jumapili, 14 Septemba

Nimeendesha mimi kutoka Buffalo mpaka Louisville. Bango la ushindi liko kwenye buti ya gari.

Alhamisi, 18 Septemba

Kaka ameondolewa kwenye foklifti, anapimwa na daktari wa kampuni. Cleopas alinifuata mezani. "Flavia, mimi ni supavaiza. Ningenyamaza, kesho akamponda mtu mwingine, ningelala aje?" Ana haki. Nilitamani asiwe nayo. Halafu akaniuliza kama nilikuwa najua. Nikamwambia kazi zimenielemea, aniache nifungashe.

Ijumaa, 19 Septemba

Delfina amenipigia simu mara moja tu. "Yangekwisha jikoni kwangu," amesema. "Wewe ukaenda kuyamalizia mbele ya wazungu, na bango wakakupa." Akakata.

Jumapili, 28 Septemba

Nilikwenda kwa Kwizera na sufuria ya maharage. Faili lake limefunguliwa upya, nilidhani habari hiyo ingenifungulia na mlango. Alisimama kizingitini na magongo yake. Hakunikaribisha.

"Umeleta maharage kwa ajili ya mguu wangu?"

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Mke wangu alikunyooshea mkono kanisani. Unakumbuka ulikuwa unatafuta wimbo gani?"

Mlango ukafungwa. Nimerudi na maharage, Mama ameyala bila kuuliza yalitoka wapi. Nilimdhania Kaka peke yake ndiye haoni katika ukoo wetu. Lo!

Jumamosi, 4 Oktoba

Klabu wameniandikia, ile nafasi ni yangu. Nimeisoma barua mara moja nikaiweka chini ya kikapu cha mkate.

Jioni mlango ukagongwa. Kaka, peke yake. Delfina alimshusha akabaki garini, hataki kuniona. Amepanda ngazi zetu akishika ukuta. Mama alikuwa anachemsha chai. Kaka akakaa, akaweka ile darubini kubwa mezani. "Ya kwako," akasema. "Mimi ya nini?"

Tukakaa. Kisha akauliza, bila ukali, na hapo ndipo nilipoogopa. "Ulijua lini?"

"Columbus."

"Columbus." Akatikisa kichwa. "Basi tangu Juni ulikuwa unaniacha niongee peke yangu."

Hasira ikanipanda. "Na wewe, Kaka? Kwizera ulimpungia mkono au hukumpungia?"

"Nilimpungia. Nilidhani yuko upande wa pili." Akayafikicha macho. "Nilikuwa nimeamua kusema, Flavia. Naapa. Mwezi wa saba, siku ile ya mazoezi baada ya sherehe zao, nilitia jicho kwenye hii darubini nikaona giza. Giza tupu, si ukungu. Nikasema, basi, limezima lote. Nikakuambia upepo wa uongo ili usijue ninalia. Moyoni nikasema, Jumatatu naenda kwa Cleopas, namwambia ya kwangu na ya Kwizera. Nikapangusa macho, nikaomba. Nikatazama tena, Flavia, likarudi! Nikaona nyasi. Nikasema Mungu amenipa muda, nisiwe na haraka ya kujivua nguo. Nikaendelea." Akacheka kicheko kikavu. "Siku hizi nauliza, alinipa muda wa kazi gani?"

Nikafungua mdomo. Kifuniko kile cha mpira kiko kwenye mfuko wa koti langu la mazoezi, nyuma ya mlango, na Kaka kwenye kiti chake alikuwa amekiegemea kwa bega bila kujua. Mama akaja na vikombe. Akammiminia mwanawe chai, akamkunjia vidole kwenye mkono wa kikombe kama mtoto, na Kaka akakubali. Tukanywa. Mdomo nikaufunga na chai.

Aliposimama nilimnyooshea mkono nimshushe. "Acha," akasema, "hesabu ninayo." Akaanza kushuka akizihesabu ngazi kwa sauti, ile ile ya kunihesabia milio ya kitufe. Nilisimama juu mlangoni. Akafika karibu na chini, akaacha kuhesabu, akajiweka sawa atembee, kumbe bado.

"Bado moja, Kaka," nikasema.

Akasimama, mguu hewani. "Najua," akasema, akaushusha polepole mpaka ukaigusa.

Hiyo ngazi nimeweza kumwambia.